Mtu Aliyetushikia Viti

Katika ofisi ile hapakuwa na kiti kilichoruhusiwa kubaki kitupu. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza niliyofundishwa, kabla hata sijaonyeshwa choo kilipo, na aliyenifundisha alikuwa ameketi. Katika muda wote niliofanya kazi chini yake sikuwahi kumwona akiwa amesimama. Alifika kabla yetu na kuondoka baada yetu. Tulimkuta kitini, tukamwacha kitini. Nilijua mwandiko wake, harufu ya sabuni yake, namna alivyokohoa kabla ya kukemea, lakini kimo chake sikukijua.

Siku hizi nasomea shahada ya uzamili katika afya ya watu kazini, na tasnifu yangu inawahusu wale wanaoketi kutwa. Katika kurasa zote nilizoandika yeye hayumo. Nimejaribu mara nyingi kumwingiza, na kila mara nimemfuta, kwa kuwa huko huingia watu waliopimwa, naye hakuna aliyempima mpaka alipolazwa. Mguu wake wa kushoto umekatwa. Wa kulia umeanza kuvimba, na mwuguzi amemwambia waziwazi kwamba asipoinuka na kutembea kila siku kwa magongo, utaufuata mwenzake. Hataki kuinuka. Mtu aliyewainua wengine maisha yake yote ya kazi hataki kuinuka, na kwa kuwa nadhani najua sababu yake, nimeona afadhali nimwandike mahali ambapo hakuna mwalimu atakayeniuliza sampuli yangu ina watu wangapi.

Tulimwita Shefu, yaani mkuu wa makarani. Wenzetu Wabemba walimwita ba Shefu, na kumalizia maneno yao kwa mukwai, kwa heshima ya kwao. Ilikuwa ofisi ndogo ya wakala, Nchelenge, mji wa mpakani unaotazamana na Kongo ng'ambo ya ziwa, karibu na njia ya kushukia majini, na kazi yake ilikuwa kuwaandalia wafanyabiashara karatasi za kuvusha mizigo: sabuni na unga vinavyokwenda Kongo, mawese na samaki wakavu wanaokuja huku. Wateja walipanga mstari nje, mbele ya dirisha lenye nondo. Sisi makarani tulikaa ndani, meza zetu zimepangwa kumzunguka Shefu kama kwato ya farasi, naye katikati, juu ya kiti cha mbao chenye ubao wa kukanyagia chini. Mwanzoni nilidhani mpangilio ule ni wa kutuchunguza. Baadaye nilitambua kwamba alizipanga meza hivyo ili mkono wake ufikie kila kiti.

Mwenye ofisi aliishi Mansa. Alikuja bila taarifa, na neno lake moja lilijulikana na wote: kiti akikikuta kitupu, huko nje kuna watu wanaokitamani. Hakuwa anatania. Kabla sijaajiriwa, mwanamke mmoja alikuwa amekwenda kumnyonyesha mtoto wake, akarudi na kumkuta mwingine mahali pake. Tangu hapo makarani walikuwa wakiketi kama waliopigiliwa misumari. Walibana mkojo. Walikula wameketi, na wengine, nasikia, walifika hatua ya kuogopa kunywa maji.

Shefu hakubishana na sheria ile. Aliizunguka. Kila baada ya muda aliokuwa ameupanga kichwani mwake, alichukua kijiko, akagonga gilasi ya chai, akauliza bila kuinua macho, kwa Kiswahili chake cha Kongo, "Nani njo anatoka?"

Mwenye zamu aliinuka. Shefu alinyoosha mkono, akakivuta kile kiti mpaka kikagusana na chake, akauweka mkono wake juu ya egemeo, kama mtu amkumbatiaye jirani yake kanisani. Karatasi za aliyetoka zilihamia mezani pake. Kwa muda wote karani alipokuwa nje, Shefu aliandika kwa mkono mmoja, kazi za watu wawili, na ule mkono mwingine haukubanduka. Hiyo ndiyo aliyoiita kushika kiti.

"Mama," aliniambia siku yangu ya kwanza, kwa maana kwetu hata binti mdogo huitwa mama akipendwa au akionywa, "hapa kiti haibakie bule. Ukitoka, mi nashika. Ukirudi, mi naachia. Unaenda mpaka kwa maji, unatia mukono, unaangalia mbali kidogo, unarudi. Umesikia?"

"Nimesikia, Shefu. Lakini nikatie mkono majini kwa nini?"

"Juu nijue ulifika."

Na kweli alitaka kujua. Ukirudi ulisimama mlangoni, naye alisema neno moja: "Mukono!" Ulimnyooshea kiganja, akakinusa. Karani wa mihuri, kijana mnene mcheshi wa hapo hapo Nchelenge, ndiye aliyejaribu kwanza kuidanganya pua ile. Badala ya kwenda ziwani alijikalia nyuma ya jengo akila vitumbua, akalowanisha mkono kwenye bomba la uani, akaja akipepesuka kama aliyetoka mbali.

"Nimefika ku ziwa, ba Shefu! Awe, leo upepo, mukwai!"

Shefu alinusa. Alinusa tena, polepole, kama anayechagua samaki sokoni Kashikishi.

"Ziwa inanuka samaki. Bomba inanuka chuma. Hii ni chuma, na mafuta ya kitumbua juu yake. Rudia."

Tulicheka mpaka watu wa dirishani wakachungulia. Karani wa mihuri alirudia njia, na safari hiyo akarudi amelowa mpaka kiwikoni. Lakini hata baada ya siku ile yeye ndiye aliyekawia kuliko wote. Sisi tulitoka kwa muda mfupi na kurudi, yeye alitembea, akapiga soga na wachuuzi, akarudi amenawiri, na muda wote ule mkono wa Shefu ulikuwa juu ya kiti chake.

Hakuwa mtu mpole. Nasisitiza hili kwa sababu naona kumbukumbu yangu inataka kumlainisha. Aliwapiga makarani rula mgongoni walipojikunja. Aliwaaibisha waliosinzia kwa kuwataja mbele ya wateja. Alitukataza soda mezani, akasema inaozesha meno na akili, ilhali yeye alitia sukari katika chai yake mpaka kijiko kikakwama. Nilipomwambia jambo hilo alijibu kwamba soda ni ya kujifurahisha, chai ni ya kazi. Tulipochoka macho kwa kukodolea kompyuta alitufukuza nje: "Macho inachoka kuangalia karibu. Enda uangalie Kongo." Siku zisizo na ukungu vilima vya ng'ambo huonekana kwa mbali, vyepesi kama moshi. Yeye mwenyewe, aliyezaliwa nyuma ya vilima vile, alikuwa amekielekeza kiti chake upande mwingine. Aliketi kwa miaka akiipa Kongo mgongo, akatutuma sisi kuiangalia.

Wala hakuwa mwema kwa wote. Kuna siku mama mmoja mchuuzi, mwenye magunia yake ya samaki juani, aliona makarani wakipokezana kutoka na kurudi, akashindwa kuvumilia. Alizishika nondo za dirisha kwa mikono yote miwili.

"Ee Shefu! Samaki yangu inaoza hapa, na bakarani yenu banatembeatembea tu kama bachumba!"

"Mama, samaki yako ilishakufa," Shefu alijibu. "Hawa bangali bazima."

Mstari mzima uliangua kicheko. Mama yule hakucheka. Alingoja mpaka kimya kikarudi, kisha akasema kwa sauti ya chini iliyosikika na kila mtu, "Bazima kwa kutembea. Na shiye tukufe kwa kusimama?"

Shefu aliacha kuandika. Nilikuwa nimeketi karibu naye na niliuona uso wake ukifunga, kama duka. Kisha akasema, "Ya kusimama haiko kazi yangu. Mi niko shefu ya benye banaikala."

Nimelifikiria jibu lile, kwamba yeye ni mkuu wa wanaoketi tu, kwa miaka. Nimejaribu kuliona kama uaminifu wa mtu ajuaye mipaka ya nguvu zake, nikajaribu kuliona kama ukatili wa kawaida wa mtu aliyekwisha kupata nafasi ndani. Yote mawili yanasimama. Benchi halikuwekwa dirishani wakati wake, na halijawekwa mpaka leo.

Mwenye ofisi alitukuta tukitembea mara moja tu. Alikuwa akija kwa gari kutoka Mansa akanipita njiani, nikiwa naelekea ziwani, mikono mitupu. Nilirudi mbio na kumkuta tayari yuko ndani, amesimama katikati ya kwato ya meza, anafoka kwa Kibemba na Kiingereza, akitaka kujua tangu lini watu wake wanalipwa kwa kupunga upepo. Shefu alimsikiliza mpaka mwisho. Mkono wake ulikuwa juu ya kiti changu.

"Boss," alisema, "hapa kiti gani iko bila mutu?"

Mwenye ofisi alitazama huku na huku. Palikuwa na viti, na kila kiti kilikuwa na mtu au na mkono wa mtu. Dirishani karatasi zilikuwa zinatoka. Alikitazama kile kiti changu kwa kitambo, akautazama na mkono, kisha akasema kwamba iwapo siku moja atamkuta Shefu naye yuko ziwani, wote tutafute kazi mahali pengine. Akaondoka. Tulimpigia Shefu makofi. Mimi pia nilipiga, na sasa ninapoukumbuka mlio wa makofi yale naona aibu, kwa maana sisi tuliufurahia ushindi bila kuyasikiliza masharti yake. Tangu siku ile haki yetu ya kusimama iliwekewa dhamana, na dhamana ilikuwa yeye asisimame kamwe.

Je, hakuna aliyejitolea kumshikia cha kwake? Alijitolea mtu, tena si mmoja. Nami nilimwambia, si mara moja, "Shefu, leo toka wewe. Nitakushikia." Alikataa kwa namna ile ile: aliutazama mkono wangu, kisha uso wangu, akasema, "Mersi, mama. Fanya kazi." Wengine walipokataliwa walishukuru kimoyomoyo na hawakurudia. Mimi nilitaka sababu. Nilikuwa nimeanza kusoma kwa masafa wakati huo, na kila kitu nilikitakia sababu.

Aliitoa siku ya mvua, ziwa limechafuka, mashua hazivuki, dirishani hapana mtu. Mabati yalipiga kelele hata ikatubidi tuinamiane kusikilizana. Karani wa mihuri alikuwa amemuuliza kwa mzaha kama kiti chake kina dhahabu chini yake.

"Weye hukukaa kambi," Shefu alimwambia. "Huyu mama anajua." Aliniashiria kwa kidevu, kwa maana wazazi wangu nao walivuka kama yeye na kukaa kambi ya wakimbizi. "Kambini, ukichoka na mustari, unaweka jiwe. Jiwe yako njo weye. Unaenda kukojoa, unaenda kuangalia bana, unarudi, unasimama kwa jiwe yako. Bote banaheshimu."

"Bote?" nilimuuliza.

"Siku mingi, bote." Alikunywa chai. "Siku moya bibi yangu alikuwa na homa, mi niko kwa mustari ya dawa. Nikaweka jiwe, nikaambia mutu ya nyuma yangu, mutu mwenye tulitoka naye ngambo moya: nishikie hapa, niende nimuone. Akasema, enda ndugu, mi niko. Nikarudi, jiwe iko pembeni kwa majani. Nikasema, ndugu, hapa ni pangu. Akaangalia mbele. Bote bakaangalia mbele. Mwengine akasema, jiwe haina mudomo. Nikaenda nyuma kabisa, nikaanza tena. Dawa ikaisha mbele nisifike."

Karani wa mihuri aliacha kutabasamu. Mvua iliendelea. Tulijua sote kwamba Shefu aliishi peke yake, bila mke, na hapakuwa na haja ya kuuliza kilichofuata.

"Donc," alisema, neno lake la kuhitimisha, akiligonga egemeo la kiti kilichokuwa karibu, "kiti haishikwe na jiwe. Inashikwa na mutu. Na mutu mwenyewe, mi namujua moya tu."

Miguu yake ilianza kumsaliti mbele ya macho yetu. Kwanza alilegeza kamba za viatu. Halafu alivivua viatu chini ya meza na kubaki na soksi, akivivaa kwa shida jioni. Baadaye akaja na ndala za mpira wa gari, na karani wa mihuri akasema Shefu sasa anavaa viatu vya dereva asiye na gari. Tulicheka, na Shefu mwenyewe alicheka. Kisigino chake cha kushoto kilikuwa kinaegemea ule ubao wa chini wa kiti, siku baada ya siku, na kwa kuwa ugonjwa wa sukari ulikuwa umekwisha kufisha hisia katika nyayo zake, ubao ulimla naye hakusikia. Yule aliyetambua kwa pua bomba na ziwa hakuinusa harufu ya kidonda chake. Tuliinusa sisi. Tulifikiri ni samaki wa dirishani.

Lazima niseme jambo hili kwa usahihi, kwa kuwa ndiyo kazi niliyofundishwa. Madaktari waliandika sukari, na walikuwa sahihi. Siwezi kuthibitisha kwamba kiti kilimkata mguu. Pengine angeukosa hata kama angekuwa mvuvi. Ninachoweza kusema ni kwamba mtu mwenye ugonjwa ule huambiwa atembee, ainue miguu, aitazame nyayo zake kila siku, na kwamba mtu huyu aliketi mahali pamoja mpaka jua likatua, mkono wake juu ya kiti cha mwingine, ili huyo mwingine atembee. Mengine msomaji ataamua. Mimi nilikwisha kuamua, kisha nikatengua, kisha nikaamua tena.

Nilikuwa nimehamia chuoni alipostaafishwa, kwa hiyo kuagwa kwake nilisimuliwa. Mwenye ofisi alikuja. Palikuwa na kuku na wali. Karani wa mihuri, aliyekuwa amekwisha kutajwa kuwa mrithi, alitoa hotuba ya kuchekesha, na mwishoni akatangaza kwamba kwa kuwa ba Shefu alikipenda mno kiti chake, ofisi imeamua kumpa kama zawadi. Wakakifunga utepe. Wakampeleka nyumbani Kashikishi kwa gari la mizigo, yeye mbele na kiti nyuma. Walioniambia walicheka waliposimulia, na walishangaa nisipocheka.

Mwaka huu ofisi ile ilinialika. Shefu mpya, yaani karani wa mihuri, alikuwa amesikia kwamba ninasomea mambo ya kukaa, akaona itafaa nije kuwahutubia wafanyakazi. Nilimkuta juu ya kiti chenye magurudumu, kinachozunguka, naye amezidi kunenepa. Ukutani palikuwa na picha kubwa ya rangi ya mtu anayenyoosha mikono juu ya meza yake na kutabasamu. Kwato ya meza ilikuwa imevunjwa. Sasa zilielekea ukutani kwa safu.

"Wanatoka saa ngapi kutembea?" nilimuuliza.

"Kutembea?" Alikataa kwa kicheko, akazunguka na kiti chake. "Awe, mukwai. Hiyo ilikuwa ya ba Shefu. Sasa kazi ni mingi. Ndiyo tumeweka picha."

"Na nani anashika viti?"

"Kiti ya kushika ya nini, kama hakuna mutu anatoka?"

Niliwahutubia. Walinisikiliza wakiwa wameketi, kwa heshima kabisa, na mmoja aliandika. Nilipomaliza nilimuuliza Shefu mpya kama huwa anakwenda kumwona mzee. Alitikisa kichwa kwa huzuni ambayo naamini ilikuwa ya kweli kwa muda wote iliyodumu. "Sukari, mukwai," alisema. "Bazee na sukari." Mkono wake ulikuwa umejaa mafuta ya kitumbua.

Nilikwenda Kashikishi mchana ule ule. Nyumba yake iko nyuma ya vichanja vya samaki, si mbali na maji. Mlango ulikuwa wazi, naye alikuwa ndani, juu ya kiti kile kile cha mbao, utepe wa kuagwa bado umefungwa kwenye egemeo, umefifia. Magongo yalisimama kwenye kona yakiwa na vumbi. Nilipiga magoti nikamsalimu. Nilimwita Papa, yaani baba, kwa maana jina la Shefu lisingetoka tena.

"Dokta!" alisema. "Banasema ulikuwa unahubiri kule kwa biro yetu leo."

"Mimi si daktari, Papa."

"Banasimama, walau?"

"Hapana. Walinisikiliza wamekaa."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akanionyesha mguu uliobaki bila kuombwa: ngozi iliyonyooka na kung'aa, na juu ya kisigino doa jeusi dogo. Nililitazama doa lile nikasahau kila nilichosomea. Nilimwambia yale yale ambayo mwuguzi alikwisha kumwambia, nikaongeza kwamba maji hayako mbali, kwamba kutoka hapo mpaka ufukweni na kurudi kila siku kunaweza kumwokoa.

"Mi najua," alisema. "Mi njo nilikufundisha."

"Basi kwa nini?"

Alitazama mlangoni. Nje watoto wa jirani walipita, wanawake walipita na mabeseni ya samaki. Hakuna aliyechungulia.

"Nikitoka, nani anabakia hapa?"

Ningeweza kumweleza kwamba hakuna anayekitaka kiti kile, kwamba nyumba ni yake, kwamba hapana mstari tena. Nilikuwa nayo maneno hayo yamepangwa vizuri. Lakini nilimjua, nikasema tu, "Mimi. Nitakushikia."

Aliutazama mkono wangu, kisha uso wangu, kama zamani. Nilingoja lile jibu lake. Halikuja. Alinyoosha mkono kuelekea kona, nikampa magongo, nikamshika kwapani, akainuka. Alikuwa mrefu mno. Kichwa chake kilikaribia kizingiti. Nilikaa mahali pake haraka, kabla hata hajageuka, kwa kuwa nilijua ataangalia, naye aliangalia. Alikiangalia kiti, akaniangalia mimi juu yake, akatoka.

Nilisikia magongo yakigonga ardhi, kisha nikasikia watu wakimsalimu kwa mshangao, kisha sikusikia kitu. Ubao wa kiti ulikuwa umechimbika kwa umbo lake, na chini, pale pa kukanyagia, palikuwa na alama laini kama iliyopigwa randa. Nilizuia miguu yangu isipaguse. Alikawia kuliko nilivyotarajia. Nilitamani kutoka kumfuata, na sikuthubutu, maana kama angerudi akakuta kiti kitupu, yote yangekwisha.

Alirudi anahema, jasho likimtiririka, macho yake yakiwa ya mtu nisiyemfahamu, kijana kidogo. Alisimama mlangoni. Aliegemea gongo moja akaninyooshea kiganja kilicholowa.

Nilikishika nikakinusa. Kilinuka chuma.

Nilijua bomba la jirani liko hatua chache tu kutoka mlangoni. Nilijua pia kwamba ananijaribu, au kwamba anajiaibisha, au yote mawili, na kwamba kwa vyovyote uongo wangu angeunusa.

"Ni bomba, Papa."

"Ni bomba," alikubali, na uso wake ukafunguka. "Nilifika pale tu. Kesho nitafika kwa ziwa." Aliyaweka magongo sawa. "Kumbe ni kitu kidogo hivi. Mutu anaikala tu, ingine anatembea. Kitu kidogo hivi." Halafu akaniuliza, kwa sauti nyepesi, kama mtu anayeuliza bei, "Kesho utakuwa hapa saa gani?"

Basi langu la Mansa lilikuwa linaondoka alfajiri. Huko mbele kulikuwa na chuo, na kamati iliyokuwa imepanga kunisikiliza nikiitetea tasnifu kuhusu watu wanaoketi. Nilitafuta namna ya kulisema jambo hilo kwa staha, nikaiacha, nikatafuta nyingine. Alikuwa bado amesimama, kwa mguu mmoja, akinitazama nikifikiri.

"Kesho niko ndani ya basi, Papa."

Hakukasirika. Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesomewa karatasi aliyokwisha kuisoma mwenyewe.

"Bon," alisema. "Basi toka pa kiti yangu."

Niliinuka. Alikaa, akanirudishia magongo niyaweke kona ile ile, na kisigino chake kikaupata ubao wake bila kuutafuta. Nilisimama mlangoni nisijue mikono yangu iwe wapi.

"Ukipita kwa maji," alisema, akiwa amekwisha kuugeuzia ukuta uso wake, "usilowanishe mukono. Kule unaenda hakuna mutu wa kunusa."